Baiskeli ni Nzima

Ndani ya basi uligeukia dirishani, kama kawaida yako, lakini ulisikia. Mama mshonaji alikuwa amekaa na kijana wa mbio za baiskeli, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, na hasira zilikuwa zimempanda mama huyo.

“Ulipoanguka, kocha aliuliza nini?”

“Kama baiskeli ni nzima, mama.”

“Na bega?”

“Ati mfupa utajiunga wenyewe njiani. Kesho nisiposhindana, nafasi yangu anapewa mwingine.”

“Na breki utashika kwa meno?”

Kijana alicheka, maumivu yakamkunja uso. “Kazi yangu ni kumpelekea bingwa wa timu maji mbioni, mama. Nikiacha, mimi nani?”

“Mtu mwenye mabega mawili!”

Basi likasimama kwenye lango la timu. Kijana akashuka. Mshonaji akamfuata kwenda kumkabili kocha, peke yake. Wewe bado umekaa? Shuka sasa hivi!