Juu ya Tunique Trente-deux Yenye Tulikaza ku Mbavu

Mugeni rasmi, Maman Angèle, musimamizi wa maternité yenye inazalisha bamama wa quartier yetu, na ninyi bote wenye mumemusindikiza: karibuni mu atelier. Kiti yenye haitikisike iko mbili tu, njo hizo mumekalia. Siye tutasimama.

KWENYE TULITOKA

Siye ni washonaji onze, batu kumi na moja. Bamoja ni ba hapa Bunia, bengine balikimbia vita, kutoka Kpandroma, kutoka Gety. Tulianza na mashini mbili ya miguu ku veranda ya mwenzetu Papa Antoine. Mvua ikinyesha, tunabeba mashini ndani kama bagonjwa.

Mwenye alitufundisha kukata ni Musoki. Alitoka Gety na mukasi wake ndani ya kitenge, na mètre, kamba ya kupimia, ku shingo. Musoki hana kazi na patron, ile mufano ya karatasi ya kukatia nguo. Anakuangalia, anakuzungusha mètre mara moja, anakata. Mwanamuke akipita ku barabara na robe yake, batu banasema: ile ni ya Musoki, ona vile inamukamata.

KAZI YENYE ULITULETEA

Maman, ulikuya na rouleau, jora nzima ya jersey, ile kitambaa ya kuvutika, na patron ya tunique, ile nguo ndefu ya juu. Ukasema unataka trente-deux, makumi tatu na mbili, pana, ya bamama wenye balipasuliwa wakati ya kuzaa.

Tulianza vizuri. Musoki alitandika jersey ku meza, akaiacha siku nzima ilale, juu ikitoka mu rouleau inakuwa ingali imevutika. Akaivuta na mikono ajue inafuata upande gani, akapanga patron vile mushale ya ku karatasi inaonyesha. Akaondoa shindano ya kawaida, akatia ile ya ncha ya muviringo, isitoboe kitambaa.

"Musivute," alituambia. "Muache itembee yenyewe. Mukivuta, pindo itakunjana kama sikio ya mbuzi."

Tunique ya kwanza ikaisha. Elodie mwenzetu akavaa. Ilianguka kutoka mabega mpaka mapaja bila kugusa kitu. Tukacheka.

"Ni gunia ya mihogo," Fabrice mwenzetu alisema. Ni yeye anakusomea hii.

"Yaya Musoki, batu batasema umesahau kazi," Elodie akasema; yaya, ni dada yetu mukubwa.

Musoki alimuzunguka Elodie mara mbili. Karatasi alikuwa ameisoma. Alijua ile upana haikuwa kosa. Lakini maisha yake yote, nguo ya kuregarega ni nguo ya mushonaji mwenye hajui kupima, na siye tulikuwa tunamuchekea mbele ya macho. Haya ikamushika.

"Mukaze vidole ine kila upande," akasema polepole.

Tukakaza zote. Tukapiga mikono, tukakutumia.

KWENYE TULIANGUKA

Jemima, mumoja wa bamama wa maternité yako, alivaa yake siku ya tatu nyuma ya operation. Ilimubana palepale ku kidonda. Alishindwa kuinama kukamata mutoto anyonye, ikabidi bamutolee tunique na mukasi.

Ulirudi na furushi yote. Ukauliza: "Nani alikata hizi?"

Siye dix, kumi wengine wote, tukaangalia chini. Musoki akanyosha mukono.

Ukasema: "Mikono hiyo isiguse tena kitambaa yangu." Ukaenda.

Papa Antoine akarudi ku mashini yake. Elodie akaokota vipande chini. Fabrice, mwenye mudomo mingi, akafungua furushi, akaanza kuhesabu. Maman, njo juu ya hii tulikuita. Musoki hakukaza peke yake. Kicheko yetu njo ilikaza, na siku uliuliza, tulimuacha asimame yeye moja.

VILE TULIRUDISHA

Surjeteuse, ile mashini ya pindo, inashona na inakata mara moja. Vidole ine yenye ilikula, haitapike. Tulisema basi, imekufa. Asubuhi Musoki akaingia, akasimama nyuma ya meza, mikono ku mugongo.

"Mupasue ku mbavu, kutoka kwapa mpaka chini. Mutie kipande ya vidole tano. Ine ya kurudisha, moja ya kushonea."

"Yaya, kamata mukasi, weye njo unajua," tukamuambia.

"Maman alisema mikono. Hakusema mudomo."

Wiki mbili alikaa vile. Fabrice akikata, anainama mpaka pua inakaribia kitambaa, mikono ingali nyuma: "Weye unakata ao unalima?" Tulicheka, yeye hakucheka. Jioni akirudi kwake, tulikuwa tunaona vidole vyake vinatembea juu ya kitenge, vinafuata mushono yenye haiko.

Jemima akakuya kujaribu. Akainua mikono, akainama, akakamata mutoto. Akasema: "Hii sasa naisahau ku mwili."

YENYE TUNAOMBA

Ungefikiri tutaomba mashini. Tunahitaji mashini, hatutadanganya. Leo hatuombi.

Tunique trente et une, zote kasoro moja, iko mbele yako. Vaa moja, Maman, inua mikono, ujionee. Ya trente-deux iko pale ku meza, imepasuliwa ku mbavu, kipande imefungwa na épingle, zile pini. Haijashonwa. Hakuna mutu hapa amekubali kuishona, juu kila mutu anajua ni mikono ya nani inaingoja.

Musoki ni ule ku mulango, mwenye robe ya bleu. Alitukataza kumutaja. Kama iko lazima mikono fulani isiguse kitambaa yako, basi uhesabu mikono yetu yote. Na kama unaweza kusamehe, usitujibu siye. Mujibu yeye.

Mungu akulinde mu ile kazi yenu ngumu, apatie bamama kupona haraka, na batoto benye banazaliwa leo bapate mu Bunia hii siku nyingi ya amani.

Ni siye washonaji wa Atelier Tusimame, Mudzipela. Siye onze, hapana dix.