Moyo Hupimwa Ukiwa Kazini

Ndani ya treni, mzee Ngollo, mkulima, alikuwa akimsifia daktari wake, Fikiri, kwa Mwamvita, mwuza vitenge aliyekaa naye. "Nikiwa nimelala, vipimo havikuona kitu. Daktari akanipandisha baiskeli isiyokwenda popote, nikapiga pedali mpaka jasho, ndipo akautazama moyo kwa ultrasaundi. Akaona upande mmoja unalegea, mshipa umeziba. Yule ana akili!"

"Mgonjwa wa moyo unamkimbiza, mzee wangu? Si kumuua huko?"

"Mama, ng'ombe wa plau unampimia zizini?"

Mwamvita alicheka kwa dharau. Mimi, niliyekaa mkabala nao, nilishakuwa upande wa ng'ombe.

Kwenye kituo cha Tura, Mwamvita akashuka na furushi kichwani. Hatua chache tu akalitua, mkono kifuani. Mzee akatoa kichwa dirishani. "Mama! Muulizie Daktari Fikiri!"