Mama Mizani na Lile Kosa la Machi

Kabla ya wasifu wenyewe, kuna jambo sijamwambia mtu, hata mama yangu mzazi. Lile kosa la Machi, ambalo idara nzima humtania nalo Mama Mizani, si lake. Ni langu.

Sasa nianze inavyotakiwa. Tarehe thelathini mwezi huu Mama Mizani anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya kukusanya bei za sokoni kwa idara ya takwimu ya mkoa. Nimepewa kazi ya kuandika kwa sababu nimemaliza shule juzi tu, na wakubwa wanaamini insha bado ninazikumbuka.

Alianza na daftari, kalamu na mizani ndogo ya mkononi aliyoinunua mwenyewe. Mkoa wetu una milima, bonde na mji, na kila upande una kipimo chake: huku debe, kule kopo, kwingine fungu. Wachumi wa ghorofa ya juu wanataka tarakimu moja ya kuonyesha maisha yamepanda kiasi gani. Yeye ndiye aliyewaonyesha kwamba fungu la nyanya linaweza kubaki na bei ileile huku nyanya zikipungua kutoka sita hadi nne. Kwa hiyo hununua fungu na kulipima palepale. Wauzaji wakimwona hupiga kelele, "Ongezeni moja moja, mwenye mizani kafika!" Naye huwajibu, "Nimeshaziona tangu kwenye kona, wanangu."

Mwaka mmoja vipimo vyake viliirudisha ripoti iliyodai kwamba uchumi unakua mkoa mzima. Mjini ulikua kweli. Milimani mafungu yalikuwa yanasinyaa. Ndipo ruzuku ya mbolea ikapelekwa huko. Hilo limo kwenye faili.

Lisilomo kwenye faili ni kwamba nyanya hizo za kupimwa alikuwa anazipeleka nyumbani kwake, anakoishi peke yake. Mumewe alishatangulia, watoto wako mbali. Nyingine aliziacha mezani kwangu: "Nisaidie, mwanangu, mimi mdomo mmoja." Wengine ofisini si wabaya, ila mimi huishiwa maneno nikifika mlangoni. Kuna siku shikamoo niliyompa yeye ilikuwa neno langu la kwanza na la mwisho.

Machi alinituma soko la mlimani peke yangu. Watu walinitazama, nikaona haya kutoa mizani. Nikaandika uzito wa Februari. Ripoti ikatoka ikisema milimani hakuna kilichopanda, na wakubwa wakaanza kuzungumzia kuiondoa ruzuku.

Alipogundua hakunigombeza. Kesho yake tulikwenda wote, tukapima fungu moja moja. Yalikuwa yamepungua kwa robo. Kwenye fomu ya marekebisho, penye sababu, akaandika kwa mwandiko wake, "Nilisahau kupima," akatia saini. Nilipofungua mdomo akaniwahi: "Wewe ndiyo kwanza unaanza. Mimi namaliza. Ukisema, nanuna."

Ruzuku ikabaki. Utani ukamwandama yeye. Wiki iliyopita kwenye kikao mkuu wa idara alirudia: miaka thelathini na minne, kusahau mara moja! Mama Mizani alicheka kuliko wote. Mimi nilikuwa natazama kikombe changu.

Jumatatu meza inayotazamana na yangu itakuwa tupu. Mizani ameniachia, ameifunga kwenye kitambaa. Nimeitumia mara mbili. Watu bado wananitazama, lakini naitoa.

Asante, Mama. Tunakutakia afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na wageni wa kukusaidia kumaliza hizo nyanya. Jumapili mgeni wa kwanza ni mimi.

Yeye hatasoma haya. Ameshasema karatasi za sifa atafungia vitunguu. Basi wewe uliyesoma, leo ukimpa mkono wa kumuaga, lile la Machi usimtanie nalo tena. Akikuuliza mbona umenyamaza, mwambie umesahau. Tafadhali, asijue kwamba nimesema.