Spéciose Mukeshimana Anaweka Jeki Chini

Tarehe 30 mwezi huu, Spéciose Mukeshimana anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika karakana yetu ya Gikondo. Uongozi umeniomba mimi, Yasmina wa stoo ya vipuri, niandike maneno ya kumuaga, na umenisihi yawe matamu. Nitajitahidi, ingawa anayeagwa mwenyewe hakuwahi kujitahidi.

Alikulia Bujumbura, akaja Kigali akiwa msichana anayejua kufungua giaboksi na kuirudisha. Meneja wa wakati huo akampa ufagio. Spéciose aliufagia ua vizuri, kisha akaurudisha ufagio ofisini na kuuliza kama kuna mwanamume pale anayejua kufagia, maana giaboksi zinawashinda. Siku hiyo hiyo akapewa spana.

Tangu hapo hakuna aliyepona ulimi wake. Jeki iliyovuja mafuta aliiita kopo. Fundi aliyelala chini ya gari lililoegemezwa kwenye matofali alimuuliza angependa azikwe wapi. Wateja walimwogopa. Mimi pia.

Lakini nataka kusimulia habari ya karavani, kwa kuwa uongozi huisimulia vibaya.

Ilikuwa nyumba nzima ya kukokotwa na gari, yenye vitanda, jiko na ekseli mbili za magurudumu, mali ya kampuni moja ya kutembeza watalii. Springi za upande wa kushoto zilivunjika ikirudi kutoka mbuga ya Akagera. Spéciose alikuwa Kagugu akishughulikia lori lililokwama, kwa hiyo kazi ikaangukia mikononi mwa bwana Régis, mkuu wa karakana, mtu ambaye haraka anaiita uongozi.

Karavani ya namna hiyo ina miguu midogo kwenye pembe zake, ya kuituliza watu wakitembea ndani. Bwana Régis aliona miguu, akaamini itabeba. Akaamuru miguu hiyo izungushwe mpaka upande wa kushoto ukainuka, magurudumu ya upande huo yakafunguliwa. Chini ya chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba yote, hapakuwa na stendi ya kuitegemeza hata moja. Magurudumu ya kulia hayakuzuiwa na kitu. Gari la kuikokota lilikuwa limefunguliwa na kupelekwa kuoshwa, kana kwamba uchafu ndio uliovunja springi. Kubwimana, fundi wetu wa springi, akatandika boksi la karatasi ngumu akaingia chini.

Spéciose akarudi wakati huo. Alitazama mara moja, akaenda moja kwa moja hadi palipotokeza viatu vya Kubwimana.

"Kubwimana, toka."

"Nimebakiza nati moja, Mama."

"Toka, nimesema."

Bwana Régis akaja, simu ikiwa bado sikioni. "Mama Spéciose, iko sawa. Wageni wananingoja mimi, si wewe."

"Kama iko sawa, ingia wewe umalizie hiyo nati."

Bwana Régis akatazama shati lake jeupe. Kubwimana akajivuta nje. Spéciose akatusogeza sote, akazunguka upande wa kulia, akaweka viganja ubavuni mwa karavani na kusukuma. Haukuwa msukumo mkubwa. Mguu wa mbele ukajikunja, karavani yote ikashuka, ikalikalia lile boksi. Sahani zikavunjika ndani.

Kubwimana alikaa chini palepale. "Nina mtoto mchanga," alisema, bila kumwambia mtu yeyote.

"Nenda nyumbani kamwone," Spéciose akamjibu. Kisha akamgeukia bwana Régis. "Hiyo miguu ni ya kuzuia chai isimwagike."

Alilirudisha gari na kulifunga mbele ya karavani. Akazuia magurudumu ya kulia kwa magogo. Akaweka ubao mnene chini ya jeki, na jeki chini ya chesisi karibu na springi, kamwe si chini ya ekseli, kwa sababu ekseli hupinda. Akainua upande mmoja tu, akasimika stendi, akasukuma tena. Haikutikisika. Nati iliyobaki aliifungua mwenyewe.

Kwenye mkutano tuliambiwa ardhi iliteleza kwa mvua. Ilikuwa Julai, katikati ya kiangazi. Spéciose alipoombwa maoni alisema mvua ya Julai haijawahi kumlowesha. Bwana Régis akapandishwa cheo. Mafundi nao wakaanza kumwita Spéciose kabla ya kuingia chini ya gari lolote, hata wale waliokuwa wakimsema kwa siri.

Sasa anakwenda kulima maharage Ndera, na majirani zake tunawapa pole mapema. Mama Spéciose, tunakushukuru kwa kila mmoja wetu uliyemtukana akiwa bado hai. Pumzika vizuri, ukae na afya. Sisi tunabaki na bwana Régis.