Mshenga wa Injini Anakwenda kwa Shemeji

Baada ya miaka thelathini na moja katika karakana yetu, fundi mkuu wa umeme wa magari, ambaye hapa kila mtu humwita Mshenga, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Anaondoka na heshima zake zote na ahadi moja ambayo hajaitimiza. Alimwahidi mkewe kwamba atampeleka kwa dada yake, ng'ambo ya mlima, kwa gari lao wenyewe. Dada mtu sasa ni mzee na haendi popote, kwa hiyo wa kwenda ni mdogo wake. Gari lenyewe limekaa miaka uani kwa Mshenga juu ya mawe, na kuku wameshaangulia vifaranga kwenye kiti cha dereva.

Tutalirudia gari hilo. Kwanza kazi.

Alianza na betri na taa, enzi ambazo injini ilikuwa chuma na mafuta tu. Ikifa, mliitoa, mkaweka nyingine, mkaenda kunywa chai. Kisha yakaja magari ya kompyuta. Injini nzima, yenye afya, ikawa inagoma kuwaka kwa sababu kisanduku kilichofichwa nyuma ya dashibodi hakiutambui ufunguo. Wengi wetu tulinuna. Yeye alivuta stuli, akakaa mbele ya nyaya zile, na siku aliyoinuka alikuwa na msemo uliompa jina: injini haiolewi peke yake, inakuja na ndugu zake. Ukiitoa kwenye gari moja kuipeleka jingine, ulizia kompyuta yake, ufunguo wake, sensa zake za kupima joto na hewa, na giaboksi iliyoizoea. Usipouliza wakati wa posa, utajibu maswali baada ya harusi.

Mwandishi wa mistari hii ni mtunza stoo, na ameteseka kwa msemo huo. Nilikuwa nikipokea injini safi, imeoshwa, nikijiona nimefanya kazi ya maana. Mshenga aliizunguka mara moja, mikono nyuma, akauliza, "Ndugu zake wako wapi?" Kama hawakuwepo, injini ililala nje ya mlango mpaka wapatikane, na mimi ndiye niliyetumwa kuwatafuta kwenye mabohari ya magari mabovu. Nimeng'atwa na mbwa wa walinzi kwa ajili ya soketi ya waya.

Wanaomjua sasa wanadhani alizaliwa na uangalifu huo. Hapana. Aliupata kwa gari la wagonjwa la hospitali, lile refu linalovuta kwa magurudumu yote manne. Injini yake ilikufa, tukapata nyingine ya aina ileile kutoka gari lililopinduka. Gari lililopinduka lilikuwa la gia otomatiki. La hospitali lilikuwa la gia za mkono. Mshenga aliihamisha injini pamoja na kompyuta yake, akaunga nyaya, akawasha, ikaunguruma vizuri. Akalizungusha gari uani, sote tukapiga makofi, likaenda kazini.

Siku ya pili lilikuwa likipanda mlima na mama mjamzito ndani. Kompyuta iliitafuta giaboksi yake ya zamani, haikuipata, ikaamua kwamba giaboksi imeharibika, na ikaibana injini ili isijiumize. Kompyuta haina ubaya, ilifanya ilivyofundishwa. Gari likatambaa polepole hata watembea kwa miguu wakalipita. Mtoto hakusubiri kilele. Alizaliwa kando ya barabara, mikononi mwa muuguzi, na kwa bahati yeye na mama yake walikuwa salama. Msichana huyo sasa yuko shule, na karakana nzima inamwita Gia ya Kwanza.

Mshenga hakujitetea. Alitafuta kompyuta ya gari la gia za mkono, akairekebisha kazi yake, kisha akatangaza kanuni ambayo mpaka leo haijavunjwa hapa: aliyeunga nyaya ndiye anayekaa kiti cha nyuma safari ya kwanza, mlimani, gari likiwa na mzigo. Makofi ya uani hayahesabiki. Kanuni hiyo imetupeleka mahali pengi tusipopenda. Fundi mmoja alitapika njia nzima na bado alirudi kuunga nyaya wiki iliyofuata.

Mengine ni madogo. Aliwahi kumnunia dereva mwezi mzima kwa kubandika tepu nyeusi juu ya taa ya njano ya injini. Taa haikutukani, alisema, inakuambia. Huimba vibaya anapopima umeme, na tumekubaliana kutolitaja hilo leo.

Sasa gari lake, ambalo ni la gia za mkono. Injini alishaipata zamani, nzuri, lakini ilikuja yatima, bila kompyuta wala ufunguo. Watu walimshauri aiunganishie kompyuta yoyote inayofanana, maana kwa wateja amekwisha kuona mengi. Alikataa. Mkewe alikuwa akipita hapa mchana na kutuuliza, mbele ya Mshenga, kama tunamfahamu fundi yeyote mzuri wa magari. Tulicheka, naye akacheka, lakini mwaka huu, dada ya mkewe alipoacha kuja kwenye simu mwenyewe, mkewe aliacha kuuliza. Hapo ndipo tulipoona si mzaha tena.

Kwa hiyo zawadi yenu kwake, wafanyakazi wenzangu, si saa ya ukutani. Stoo ilitafuta, na safari hii bila kuumwa na mbwa. Tumepata kompyuta ya gari la gia za mkono, ufunguo wake, na kile kifaa kinachoutambua ufunguo, vyote kutoka gari moja lenye injini kama hiyo. Ndugu watatu, baba mmoja mama mmoja. Tulipomkabidhi alivikagua kimoja kimoja. Kisha akampa Tochi, binti fundi wa umeme aliyemfundisha mwenyewe na anayerithi meza yake. Kinyozi hajinyoi, akasema, akatoka nje kujifanya anatazama tairi.

Tochi ameunga nyaya wiki hii. Kuku wamehamishwa kwa heshima. Gari limewaka, limezunguka uani, na hakuna aliyepiga makofi.

Safari ni Jumamosi. Mkewe ndiye atakayeshika usukani, amesema amesubiri vya kutosha, hakai tena pembeni. Tochi atakaa kiti cha nyuma kati ya magunia, kama kanuni inavyotaka. Mshenga amepewa kiti cha mbele na kazi moja, kunyamaza mpaka kilele, na hatujui kama ataiweza.

Mshenga, asante kwa miaka yote, na kwa kila injini uliyoikataa mlangoni mwangu. Tutakuhitaji kabla ya mwezi ujao kwisha, lakini hatutakuita. Tunakutakia maisha mema, mlima mwepesi na taa ya njano isiyowaka. Mkifika, mwambie shemeji yako kwamba mdogo wake amekuja kwa gari lake mwenyewe.