Ushuru wa Ndizi

Orpah, muuza ndizi, hakuwa na kibanda, mwavuli wala msaidizi, ila barua ya maoni kwa bunge la kaunti alikuwa nayo. Kwenye foleni ya abiria wa magari ya Nyamira, pale Keroka, alimwambia Ochanda, mfagiaji wa zahanati:

“Wapunguze ushuru wa soko. Tutapanda ndizi zaidi, nao watatoza watu wengi zaidi.”

“Mama, mimi nalipwa kutokana na ushuru huo, na mshahara umechelewa. Nitangoja ndizi zako ziive?”

“Si utanunua?”

“Ninunue kwa mshahara upi?”

Mimi niliyesimama nyuma yao sikuingilia, ingawa uchumi niliusoma shule ya jioni.

Orpah akaniomba kalamu, akaongeza mstari: “Na mfagiaji alipwe.”

“Kwa pesa gani?” nikashindwa kunyamaza.

“Mzee, hilo ni lao.”

Akalamba bahasha, akaifunga, akampa dereva wa gari la Nyamira aipeleke bungeni.