Mzee Zimewaka na Makombo ya Kwenye Zulia

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, fundi wetu mkuu wa umeme wa magari anastaafu rasmi leo, tarehe 30 ya mwezi huu. Jina lake kamili limo kwenye faili la utumishi na huenda bado linasomeka. Hapa karakanani, kuanzia getini hadi ofisi ya mkurugenzi, yeye ni Mzee Zimewaka.

Wageni wetu wastahili maelezo. Taa za breki zina kasoro moja ya kuzaliwa: anayekanyaga breki hawezi kuziona, kwa kuwa ziko nyuma yake. Mafundi wengine hutumia ujanja. Husogeza gari karibu na ukuta wakaangalia mwanga kwenye kioo, au hubana pedali kwa kipande cha ubao kisha wakazunguka wenyewe. Mzee hataki kusikia habari hizo. Kwake, gari halitoki mpaka mtu asimame nyuma na kutamka kwa sauti, pedali inapokanyagwa, "Zimewaka!" na inapoachiwa, "Zimezima!" Kutikisa kichwa hakutoshi. Kuinua dole gumba ni kumtukana. Karani mmoja wa uhasibu aliyejibu "ziko sawa tu" aliachwa juani mpaka alipotamka neno lenyewe.

Hakuna aliyekatiza uani akasalimika. Wamesimama madereva, walinzi, wapishi na mkaguzi wa hesabu kutoka makao makuu. Mkurugenzi wetu wa sasa, siku yake ya kwanza kazini, alishuka kwenye teksi na suti mpya huku mvua ikinyunya. Mzee alikuwa amejikunja chini ya usukani wa pikapu, akaona viatu tu. Akaviamuru viende nyuma. Bwana mkubwa alisimama kwenye dimbwi akipaza sauti tena na tena, maana Mzee alidai hasikii vizuri. Baadaye asubuhi hiyo, wafanyakazi walipotambulishwa kwa kiongozi mpya, Mzee aliinuka akakiarifu kikao kwamba yeye na huyu bwana tayari wanafahamiana, na kwamba ana sauti nzuri akijitahidi.

Aliingia hapa kama kibarua wa kuosha magari. Akapelekwa kusomea umeme, akarudi na cheti pamoja na tochi. Cheti kilipotea wakati ofisi inapakwa rangi. Tochi ipo hadi leo, imezungushiwa utepe mweusi kiasi kwamba hakuna anayejua rangi yake ya awali, na aliyewahi kuiazima bila ruhusa hakurudia. Mafundi wote mnaowaona wamevaa ovaroli leo wamepita mikononi mwake, na wote wanaijua kanuni yake kwa moyo: anza na kilicho karibu. Balbu kwanza, halafu fyuzi, halafu swichi ya pedali, waya mwisho kabisa. Fundi aliyethubutu kufungua dashibodi kabla ya kutazama balbu aliitwa Daktari wa Upasuaji wiki nzima, na aliletewa glavu.

Sasa tuseme kanuni ya kusimama nyuma ilitoka wapi. Mwenyewe ametuomba tuiandike, na mkewe, ambaye sisi sote tunamwita Shemeji, ameridhia.

Mzee ana gari lake, kuukuu, lenye umri mkubwa kuliko baadhi ya madereva wetu. Miaka tisa iliyopita taa zake za breki zilikuwa zikiwaka zinapojisikia. Asubuhi moja akazipima peke yake, akaona wekundu kwenye geti la nyumbani, akaridhika. Kumbe ule ulikuwa mwanga wa taa ndogo za nyuma tu, si za breki. Yeye na Shemeji walipofika kwenye kivuko cha watembea kwa miguu akafunga breki, na lori lililokuwa nyuma halikuona dalili yoyote, likawagonga. Mzee alitoka mzima. Shemeji alivunjika bega, na mpaka leo mkono wake wa kushoto haufiki kwenye kamba ya kuanikia nguo. Mwezi ule Mzee alifanya kazi bila kumtania mtu hata mmoja. Tulijua ameumia kuliko alivyosema.

Alilitengeneza gari upya, kila waya. Shemeji alimshukuru kwa upole, akapanda basi. Tangu siku hiyo hajaketi tena ndani ya gari lile. Familia ikisafiri, yeye huwa ndani ya basi, na Mzee hufuata nyuma na mizigo kama msafara wa kiongozi usio na kiongozi. Tumemcheka sana kwa hilo. Yeye hucheka pia, ila huwa wa kwanza kunyamaza.

Miezi miwili iliyopita binti yao alijifungua mtoto wa kwanza. Anaishi mbali, mabasi matatu kutoka hapa, na bega la Shemeji halivumilii mabasi matatu. Mzee akapiga moyo konde akamwomba wasafiri pamoja siku atakayostaafu, waende kumwona mjukuu. Shemeji alifikiri siku mbili, kisha akasema atapanda siku atakapoziamini zile taa. Mzee alikuja kazini siku hiyo anapiga mluzi.

Mluzi ulikatika wiki iliyofuata. Alfajiri jirani aligonga mlango kuuliza ni nani amekanyaga breki, maana gari limefungwa, halina mtu, na taa za nyuma zinawaka kama duka. Kufikia saa ya kwenda kazini betri ilikuwa imekufa. Shemeji alilitazama gari, akalitazama bega lake, akarudi ndani kukoroga uji.

Gari likaburutwa hadi karakanani, na hapo tukaona maajabu. Mwenye kanuni aliisahau kanuni. Hakugusa balbu, hakuuliza fyuzi. Alianza na dashibodi. Akang'oa viti vya nyuma, akachomoa nyaya, akazitandaza sakafuni, akakataa msaada wa mtu yeyote. Siku tatu zikapita. Glavu tulikuwa nazo, lakini hakuna aliyekuwa na roho ya kumpelekea.

Nyumbani nako moto ulikuwa unawaka. Lazima wageni wajue kwamba daktari amemkataza Mzee sukari, na kwamba Mzee ana historia: pakiti za biskuti zimewahi kukutwa kwenye koti lake zaidi ya mara moja. Basi Shemeji alipochukua mazulia ya gari, ambayo Mzee aliyarudisha nyumbani, ili kuyafua, alikuta chini ya miguu ya dereva makombo magumu ya rangi ya hudhurungi. Akauliza. Mzee akaapa. Akaulizwa tena, akaapa kwa sauti zaidi, jambo ambalo kwa mke aliyemzoea lilitosha kuwa ushahidi.

Siku ya nne, saa ya chakula cha mchana, Shemeji aliingia karakanani na kitambaa kilichofungwa fundo. Akakifungua juu ya meza ya kazi mbele yetu sote.

"Haya, semeni nyinyi wenyewe. Hii si biskuti?"

Mtunza stoo wetu, ambaye hajawahi kukataa kitu cha kutafunwa, alichukua kipande akakitia mdomoni. Alitafuna, akasita, akakitema kwenye kiganja.

"Shemeji, hii ni plastiki."

Kicheko kilikuwa kikubwa, lakini Mzee hakucheka. Alichukua kombo moja, akaligeuzageuza chini ya tochi yake, kisha akajilaza chini ya usukani. Kwenye mkono wa pedali ya breki kuna tundu, na tundu hilo huzibwa na kipande cha plastiki kisichozidi kifungo cha shati. Mguu ukitoka kwenye pedali, kipande hicho huibonyeza swichi, na taa huzimika. Gari likizeeka, plastiki hukauka na kupukutika. Tundu lilikuwa wazi. Swichi ilikuwa nzima kabisa, ila hapakuwa na kitu cha kuibonyeza, na gari la watu likaamini limekanyagwa breki usiku na mchana. Kizibo kipya kilipatikana kwenye droo ya stoo. Kukipachika kulichukua muda mfupi kuliko chai. Kurudisha dashibodi kulichukua siku mbili, na glavu zilifika.

Lakini kabla ya hapo, nyaya za taa zilipokwisha kuunganishwa na betri kuchajiwa, Mzee alipokaa kwenye kiti cha dereva na sisi tukajipanga kwenda nyuma kama kawaida, Shemeji aliinua mkono wake mzima, akatuzuia. Akazunguka mwenyewe. Akasimama mahali ambapo lori lilikuwa siku ile.

"Zimewaka!" akasema. "Zimezima!"

Alimkanyagisha mpaka akatoka jasho. Alipomaliza, Shemeji akakunja kitambaa chake, akatangaza kwamba kesi ya biskuti za kwenye koti bado iko palepale, akaenda zake kituoni kupanda basi. Kuhusu safari hakusema ndiyo wala hapana, na Mzee aliogopa kuuliza.

Jana jioni Mzee aliliegesha gari lake uani, tayari kwa sherehe hii. Sisi wambeya tulichungulia dirishani. Kwenye kiti cha mbele, upande wa abiria, kuna begi la Shemeji lililofungwa vizuri, na juu yake blanketi dogo la mtoto. Tumemwona Mzee akienda kulitazama mara nyingi, kama mtu asiyeamini kwamba litakuwepo akirudi.

Kwa hiyo, Mzee, tunakushukuru kwa kila gari lililofika salama kwa sababu ulikuwa mkaidi. Tunakutakia uzee wenye chai isiyo na sukari na mjukuu anayekuchosha. Na ndugu zetu wote mliohudhuria, chai ikiisha tunaomba mtoke uani, mkurugenzi akiwa wa kwanza, viatu vyovyote alivyovaa. Leo Shemeji hatasimama nyuma, ana kiti chake. Tutasimama sisi, na tutasema kwa sauti mpaka asikie.